Kilatini Kuanzia Mwanzo, Tena

Nisikilize vizuri, maana habari hii imesimuliwa sana na watu wasioijua. Wanasema Janelle Stroud aliwafokea akina mama wenzake kanisani, akabeba bakuli lake la viazi likiwa bado limejaa, akaondoka bila kuaga. Ni kweli. Nilifoka, na viazi nilibeba. Lakini hakuna anayesema kwa nini, na leo nitasema mimi.

Chama chetu kina familia kumi na nne, zote za hapa hapa Missouri, na zote tunasomesha watoto wetu nyumbani. Kila Jumanne tunakutana ukumbi wa chini wa kanisa, na kila mama anafundisha somo lake. Yupo wa hesabu, yupo wa kuchora, yupo wa kupasua vyura. Mimi ni wa Kilatini. Usiniulize nimekisomea wapi, hakuna kati yetu aliyekisomea popote. Unanunua mtaala, unaletewa ndani ya boksi, leo unasoma somo la kesho, kesho unalifundisha kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nalo. Ndivyo tunavyofanya wote, na anayekuambia vingine anakudanganya.

Binti yangu Tirzah ana miaka kumi na moja. Alianza Kilatini akiwa na minane, kwa kukitaka mwenyewe, na hadi Mei hii alikuwa amekianza mara tatu. Sikusema amekisoma miaka mitatu. Nimesema amekianza mara tatu. Mwaka wa kwanza tulikuwa na mtaala wa nyimbo, watoto wanaimba mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Mwaka wa pili tukachukua mtaala wa hadithi, wenye picha za wanajeshi na mbwa. Mwaka wa tatu ukawa wa kadi, kadi mia nne ndani ya boksi la bati. Na kila mtaala, hata uwe umetungwa na nani, unaanzia pale pale: msichana, mkulima, baharia. Msichana anampenda mkulima. Baharia anamwangalia msichana. Miaka mitatu mwanangu anawajua watu hao watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka nyumbani kwake.

Sasa wifi yangu Colleen, dada wa mume wangu, ni mwalimu shule ya mjini. Siku ya Pasaka tumekaa mezani, watu wanakula nyama yao kwa amani, yeye akamgeukia Tirzah. "Eti, yule baharia wenu ameshapata meli, au bado anamkodolea macho msichana wa watu?"

Meza nzima ikacheka. Mume wangu Curtis naye akacheka, huku ananitazama pembeni. Mimi nilimeza kipande cha nyama bila kukitafuna.

Njiani kurudi, Curtis akaacha kucheka. Yeye anaendesha lori la gesi, siku nzima yuko barabarani peke yake, akikuambia jambo ujue amelizungusha kichwani wiki mbili. "Janelle, mimi sina ugomvi na kusomesha nyumbani," akasema. "Lakini shule ya mjini wana mwalimu wa Kilatini. Mwalimu kabisa, mwenye shahada. Wewe una maboksi."

"Kwa hiyo dada yako ndiye anayetuamulia?"

"Naamua mimi. Jumanne ya mwisho ya Mei, Tirzah anisomee ukurasa mmoja wa Kilatini, aniambie unasema nini. Ukurasa wowote nitakaouchagua. Akiweza, anabaki nyumbani. Akishindwa, Agosti anapanda basi la njano la shule kama watoto wengine."

"Hesabu anawashinda wote waliomo kwenye hilo basi. Mbona umechagua Kilatini?"

"Kwa sababu Kilatini ndicho unachojisifia."

Siku tatu sikumpikia chochote cha moto. Mtoto nimemzaa mimi, nimemfundisha kusoma kwenye hili goti langu, majira ya baridi sita tumekaa meza moja mimi naye, leo nipimwe kwa ukurasa mmoja. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba mwenyewe sikuwa na uhakika kama angeuweza.

Aprili nzima nikamkazania. Tukarudi kwenye kadi, somo la kumi na mbili, na somo la kumi na mbili ni gumu kama gogo. Nalisoma mara tano, Tirzah kakaa ananiangalia.

"Umeelewa?" namuuliza.

"Sijui. Wewe umeelewa, Mama?"

"Karibu."

"Basi na mimi karibu."

Kwa hiyo siku ya mkutano wa mwaka niliingia ukumbini na dhamira moja. Ilikuwa Jumanne ile ile ya mwisho ya Mei, na Curtis angerudi jioni kudai ukurasa wake. Nilijua kwa siku hiyo nimeshachelewa. Nilichotaka ni chama kipige kura tuendelee na kitabu cha pili cha mtaala tulio nao, nimpelekee mume wangu hiyo kura, nimwambie mwaka huu hatuanzi upya, tupe mwaka mmoja tu. Nilikuwa nang'ang'ania kijiti, lakini nilikuwa nacho.

Mwenyekiti wetu ni Roberta Kessler, mama wa watoto wanane, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Tumeshakula, vyombo viko pembeni, Roberta akavaa miwani yake. "Dada zangu, jambo la nne, Kilatini. Mwaka huu tuna familia mpya nne, na hatuwezi kuwaacha nyuma. Kule kwenye maonyesho ya vitabu nimeona mtaala mzuri wa video. Mwalimu amevaa shuka kama Mrumi, watoto watampenda. Napendekeza tuanze mwanzo, wote kwa pamoja."

Wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Damu ikanipanda.

Nikasimama. "Tuanze mwanzo," nikasema. "Tena. Hivi hamchoki? Kila mwaka akija mtu mpya, watoto wetu wote wanarudishwa kwa msichana na mkulima. Mwanangu amejifunza neno msichana mara tatu. Ataolewa hajafika neno mke. Hao wapya waanze, nawakaribisha, nitawafundisha mimi mwenyewe siku nyingine. Lakini watoto waliokwisha kuanza wanaendelea mbele. Ninyi mnapenda kununua, hampendi kusoma. Mnapenda harufu ya kitabu kipya. Mmemdumaza mwanangu, na sasa baba yake anataka kumpeleka shule, na mimi siwezi kumjibu kwa sababu yenu."

Mama mmoja kati ya wale wapya, Shelby, msichana mdogo mwenye kichanga kifuani, alikuwa ameinamisha uso kama yeye ndiye aliyekosa. Nilimwonea huruma, lakini sikukaa chini.

Roberta akafungua daftari la kumbukumbu za mikutano, lile la jalada la kijani, akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa nyingi.

"Februari, mwaka juzi," akasoma. "Dada Janelle ameomba tuache mtaala wa nyimbo. Amesema watoto wanaimba bila kuelewa. Tumekubali. Tutaanza mtaala mwingine Septemba."

"Na ilikuwa kweli," nikasema.

"Februari, mwaka jana. Dada Janelle amesema mtaala wa hadithi hauna mpangilio. Tumekubali. Tutaanza mwingine Septemba." Akafunua tena. "Februari, mwaka huu. Dada Janelle amesema kadi ni mzigo kwa watoto. Ameomba mwenyekiti aende kwenye maonyesho ya vitabu amtafutie mtaala mpya." Akavua miwani. "Nilikwenda kukutafutia wewe, Janelle. Saa nne barabarani, na mapacha nyuma wanatapika. Umesahau?"

Haki ya Mungu, nilikuwa nimesahau. Tena si kwamba nilisahau kabisa. Nilikumbuka kuwa vitabu vilibadilishwa, ila kichwani mwangu vilibadilishwa na wao. Februari kila mtu kwetu anachukia vitabu vyake. Theluji imefika magotini, watoto wamefungiwa ndani, kila mama yuko mtandaoni anasoma sifa za mtaala wa mtu mwingine. Niliona nafanya kama wenzangu.

Shelby, bila ubaya wowote, akauliza, "Na mlikuwa mnaishia somo la ngapi?"

Roberta akatazama daftari. "La kumi na mbili. Kisha la kumi na moja. Kisha la kumi na mbili."

Mtu nyuma akacheka puani. Sikugeuka kumtafuta. Nilielewa wakati ule ule na wao, na hilo ndilo lililoniuma, kuelewa mbele za watu. Nyimbo hazikuwa na kosa, hadithi zilikuwa na mpangilio wake, na kadi zilikuwa kadi tu. Mimi ndiye niliyekuwa naishia pale. Nilikuwa nikifika mahali sielewi, naona haya kusema sielewi, nasema kitabu hakifai. Halafu boksi jipya linakuja, somo la kwanza, msichana, mkulima, baharia, na mimi ni mwalimu tena.

Ningesema hivyo pale pale, ningekuwa mtu. Badala yake nilimwambia Roberta kuwa daftari lake limejaa umbea, nikachukua bakuli langu la viazi, nikapanda ngazi.

Njia nzima nilikuwa nagombana na usukani. Nilimgombeza Roberta kwa kuandika kila kitu, nikamgombeza Colleen na shahada yake. Niliwagombeza na wauza vitabu wa kule kwenye maonyesho, wanaokuuzia mwongozo wa mwalimu, na mwongozo wa kusomea huo mwongozo, wakikuahidi kwamba mama asiyejua neno atamfundisha mwanawe lugha nzima dakika ishirini kwa siku. Walisema uongo, na nilitaka sana kuuamini. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshawamaliza wote, na hasira bado ilikuwepo.

Lori la Curtis lilikuwa uani. Yeye na Tirzah walikuwa jikoni, mume wangu ameshanawa mikono, kakaa na chai yake ya barafu.

"Leo ndiyo leo," akasema.

"Curtis, tungoje. Mkutano umeharibika. Nipe mpaka Septemba, nitatafuta mtu wa kumfundisha, nitalipa."

"Janelle."

"Hajafika huko. Kosa si lake, ni langu. Nakuambia mwenyewe, ni langu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Curtis akashusha glasi. Kabla hajasema neno, Tirzah akainuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na kitabu. Kilikuwa kile cha hadithi cha mwaka wa pili. Nilikuwa nimekiuza mwenyewe kwenye meza ya mitumba kanisani.

"Nilikinunua tena," akasema. "Kwa pesa yangu ya kuuza mayai."

Akampa baba yake. Curtis akakipindua, akafungua karibu na mwisho kabisa, mahali ambapo maandishi yamebanana na picha zimekwisha, akaweka kidole. "Hapa."

Tirzah akasoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, mara moja akakwama, akarudi, akajirekebisha. Kisha akaeleza kwa maneno yake. Wanajeshi wanavuka daraja mvua inanyesha. Jemadari ameamuru lichomwe nyuma yao. Mmoja amebaki ng'ambo anamtafuta punda wake, na wenzake wanamwita kwa jina, na yeye hasikii kwa sababu ya mto.

"Punda alipatikana?" Curtis akauliza.

"Ukurasa unaofuata. Punda ndiyo. Daraja hapana."

Curtis akalinganisha na tafsiri iliyoko mwisho wa kitabu, akakifunga. Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Basi. Neno langu ni neno. Anabaki." Akanitazama. "Umenishinda, mke wangu. Nitamwambia Colleen mwenyewe."

Nilipaswa kufurahi. Nilichokuwa nakipigania nilikuwa nimekipata, na nilikaa kwenye kiti kama mtu aliyepigwa kofi.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Kitabu."

"Lini?"

"Ukiwa chumba kile kingine, unasoma habari za mitaala. Ilikuwa inachukua muda mrefu."

"Na Aprili, lile somo la kumi na mbili, ulikuwa unalijua."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaniambia karibu."

"Wewe ulisema karibu kwanza."

Hasira ikanipanda upya, na safari hii ilikuwa kwake, mtoto wa miaka kumi na moja. Nilimwambia amenifanya mjinga. Nilimwambia nimetoka kuwatukana akina mama kumi na watatu kwa ajili yake, na yeye alikuwa amelikalia jibu. Kwa nini hukusema, nikamuuliza. Miaka miwili unaimba na mimi msichana na baharia, na unajua kusoma. Kwa nini.

Curtis akasema, "Taratibu." Tirzah hakulia. Aliangalia kitabu, kisha akaniangalia mimi, na niliona anachagua maneno yasiniumize.

"Ungejua nimekupita, ungeninunulia kingine," akasema. "Tungeanza tena. Na ulikuwa unafurahi sana siku ya kufungua boksi."

Curtis akainamia glasi yake. Nje kuku walikuwa wanalia, hakuna aliyekwenda kuwafungia.

Nikamuuliza kama anataka kubaki nyumbani kweli, au anabaki kwa ajili yangu. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Nataka kubaki," akasema. "Lakini Kilatini naomba nisome peke yangu. Inawezekana?"

Nikamjibu ndiyo, inawezekana. Nilikuwa bado nimekasirika, na mle jikoni hamkuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia isipokuwa mimi.