Matokeo Yanajadiliwa Ndani

Kitufe nilikibonyeza mimi. Mtafiti alikuwa amesimama nyuma yangu maktabani, anakimbilia kipindi, akaniambia, "Kaka, we malizia tu hapo." Jarida lilitaka akubali masharti kabla makala yake haijapanda mtandaoni. Masharti yalikuwa marefu kama mkeka, na mimi na diploma yangu ya ukutubi tukaona si vizuri kuanza kusoma mbele za watu. Nikabonyeza "Nakubali". Tena nikampa mkono wa pongezi.

Makala ilipotoka, mdomo wake ukaanza kujifunga. Ukimuuliza habari za utafiti wake, anasema muhtasari, halafu midomo inabana na kutoa mlio mdogo wa kufuli. Mengine mpaka ulipie. Wanafunzi walizoea upesi, wakasema afadhali, kipindi kinaisha mapema. Mkewe alisema nyumba imetulia.

Shida ilikuwa kwa mama yake. Utafiti ulihusu maji ya kisima cha mtaani kwao, na mama ndiye aliyemchotea ya kupima. Bomba la mtaa ule hutoa upepo tu, kwa hiyo maji ya kisima ndiyo yeye na wajukuu wanayokunywa. Mwanawe alikuwa amemwambia asubiri kwanza makala itoke. Ikatoka.

"Haya mwanangu, yale maji yana nini?" aliuliza Jumamosi moja, tumekaa kwake sebuleni.

"Utafiti huu ulichunguza maji ya kisima kimoja cha mtaani," mtafiti akajibu kwa adabu. "Sampuli zilipimwa maabara. Matokeo yanajadiliwa ndani."

Kufuli likalia.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya makala, mama," nikasema.

"Nani kakuuliza wewe, Kitufe?"

Mpaka leo jina langu ni hilo.

Tukampa mtafiti kalamu, wino ukakauka alipofika kwenye "matokeo". Tukamwambia atikise kichwa tu, shingo ikakaza. Mkewe akampaka midomo mafuta ya kupikia. Ikang'aa.

Simu yake ikaita. Alikuwa profesa wa nchi ya mbali, ambaye chuo chake hulilipia lile jarida. Mdomo ukafunguka wenyewe. Mtafiti akamwaga yote, majedwali na tanbihi, mikono inacheza hewani. Sisi tuliokaa naye tulisikia mvumo tu, kama wa friji. Mama akasogeza kiti mpaka magoti yakagusana. Friji ikavuma vilevile.

Simu ilipokatika, mdomo ukajifunga.

Maktaba yetu haina fedha za kulilipia lile jarida, nikamwandikia mhariri wake kumwomba aifungue makala. Alijibu siku hiyohiyo. Alinishukuru kwa kuvutiwa na kazi yao, akaniambatishia muhtasari.

Jumamosi iliyofuata mama hakugomba. Alichota maji kwenye ndoo, akakaa mbele ya mwanawe, kikombe kakishika kwa mikono miwili. Wajukuu walikuwa wamerudi kucheza, wana kiu, wamepanga foleni nyuma yake.

"Majedwali siyataki, baba," akamwambia. "Nipe neno moja tu. Niwape, au nimwage?"