Mpira Chini ya Pazia

Mzee Twaha wa Lukozi alikuwa ameapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena zahanati ile. Mkewe Saumu alikwenda pale akiumwa kichwa, akaulizwa neno moja tu, "Unaumwa nini?", akapewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani kufa kwa presha. Na mashine ya kupimia ilikuwepo! Ilifungiwa kabatini, ufunguo kaondoka nao mkubwa mmoja aliyekwenda semina mjini. Wakubwa hawakosi semina.

Sasa kichwa kilikuwa kinamgonga yeye. Kabichi zake aliziona kama zimefunikwa na ukungu hata jua likiwaka. Mwanawe Hamza akamsihi mpaka mzee akachoka kusihiwa, akapanda kilima. Moyoni alikwenda ili washindwe tena, apate la kusema.

Akawakuta wameshindwa kabla hajakaa. Mganga kaitwa wilayani, kikao. Aliyebaki ni nesi mmoja, Rahma, mke wa Hamza.

Rahma akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Benchi zima likageuka kutazama. Kila mtu alijua mkwe hamgusi baba mkwe wake, wala hamwoni mwili.

"Leo tunatazama sinema bure," akanong'ona Secilia, muuza karoti, kwa sauti iliyofika barabarani.

Mzee akageuka. "Kikao! Wao wanywe chai huko, sisi tufe huku. Naondoka."

"Kaa kwanza, baba," Rahma akasema, macho chini. "Umepanda kilima. Nikikupima sasa nitapima kilima, sio wewe."

Watu wakacheka. Mzee akakaa, maana pumzi nayo ilikuwa imemwishia. Alipotulia, Rahma akamwita Nikodemo, jirani na rika lake mzee, aliyekuwa benchini pia. "Babu, niazime mikono yako."

Akawaingiza wazee wote wawili chumbani, akavuta pazia katikati. Mashine ya presha ikabaki mezani upande wake. Mkanda akaupitisha chini ya pazia na mpira wake.

"Babu, mvue baba nguo, mkono mmoja tu."

"Koti, sweta, sweta jingine! Twaha, nakuvua au namenya kitunguu?"

"Funga juu ya kiwiko. Kidole kinapita?"

"Kinapita."

"Mkono ulale kwenye meza ya huko kwenu, usawa wa moyo. Na usimchekeshe."

Mkanda ukajaa, ukambana, ukalegea. Nyuma ya pazia Rahma akaandika namba. Akasubiri, akapima tena.

"Baba, presha iko juu sana. Sasa nina maswali. Kichwa kinauma wapi? Asubuhi au jioni? Moyo unakwenda mbio? Chumvi mezani unaongeza?"

Mzee akasikiliza maswali yale yakija moja moja, kwa adabu, bila haraka. Hakuna hata moja ambalo Saumu aliulizwa. Akajibu kwa mkato.

"Na macho, baba?"

"Mazima."

"Mazima wapi!" Nikodemo akadakia. "Juzi umemsalimia mbuzi wangu, ukamuuliza habari za watoto!"

Rahma hakucheka. "Baba, nilipoolewa, mama nilimkuta ameshazikwa. Sikupata nafasi ya kumuuliza. Wewe nimekupata."

Mzee akautazama ule mpira uliolala sakafuni, kati yake na mkwe wake. Akajifuta uso kwa kofia.

"Mwanangu," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo. "Niulize tena, toka mwanzo. Yale ya kwanza nilikudanganya."

Rahma akauliza tena. Mzee akasema yote: ukungu, ganzi, usiku anaoamka kwenda haja, hata chumvi anayojiongezea kwa siri. Rahma akampa dawa, akamwonyesha Nikodemo namna ya kumkumbusha, akapanga Hamza ampeleke hospitali Lushoto kesho yake akaangaliwe macho.

Walipotoka, Secilia alikuwa amesogea mpaka mlangoni. "Eh mzee, amekugusa?"

"Hata kwa kucha hakunigusa, na amenijua ndani nje!" Mzee akajipiga kifua. "Hao wa vikao waje wajifunze hapa. Huyu ni wa kwangu, mnasikia? Ameolewa nyumbani kwangu!"

Akajibana kwenye benchi katikati ya wagonjwa, akakataa kwenda nyumbani.

"Wewe Secilia, umepanda kilima, kaa utulie. Vua hilo koti. Na ukiingia mle, usimdanganye mwanangu."