Matundu Mawili ya Waya

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia msasa. Ulikwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena, kutoka chumba cha uani. Faraji alikuwa analilainisha kasia lake kwa mara ya mwisho. Nilikaa kitandani nikasikiliza, sikuwasha taa.

Faraji ni mwanangu wa mwisho. Alikuwa fundi wa boti Pangani. Mkewe alipofariki alirudi kwangu Soni, na kwa miaka miwili amekuwa akijenga kayaki pale uani. Ni chombo cha mbao, chembamba, urefu wake vitanda viwili na zaidi, mtu anakaa katikati amenyoosha miguu. Mwenye kambi moja ya wageni huko pwani alimwambia aje nacho, atampa kazi ya kuwatembeza watu baharini. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kukijaribu kwenye bwawa lililo katikati ya mashamba ya chai, upande wa Mponde.

"Kisipovuja, mama, Jumamosi nateremka," aliniambia tukinywa chai.

"Na kikivuja?"

"Nitabaki, nianze upya."

Nikamwongezea muhogo, ingawa alikuwa ameshiba.

Mbao zile alizishona kwanza kwa waya, ndipo akatia gundi na kuchomoa waya. Kila waya uliacha tundu dogo. Matundu ya nyuma kabisa, ndani ya mkia, mkono wake haukuyafikia. Wangu mwembamba uliyafikia. Akanipa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, nikawa naziba tundu moja moja kwa kidole. Mawili ya mwisho niliyagusa, nikautoa mkono, nikasema nimemaliza. Nje alipaka rangi, lakini rangi haizibi tundu.

Faraji anajua kuogelea, nilijiambia. Atalowa tu, turudi nyumbani. Kabla hajarudi kwangu nilikuwa napika kikombe kimoja cha mchele, nusu nakula leo, nusu kesho. Siku nyingine jioni nilikuwa nagundua kwamba tangu asubuhi sijatoa sauti.

Pikapu ya rafiki yake Yusufu ilitufikisha kwenye daraja lililobomoka. Kutoka hapo ilikuwa nusu saa kwa miguu. Waliifunika kayaki kwa shuka jeupe ili rangi isichubuke, wakaiinua mabegani, Faraji mbele, Yusufu nyuma. Mimi nikafuata na kasia nimeliviringisha kwenye kanga.

Tulipofika penye maduka, wanaume waliokaa barazani waliinuka. Mmoja alivua kofia. Wengine walikuja upesi, kimya, wakaingiza mabega chini ya shuka, wakawa wanapokezana kila hatua chache kama inavyofanywa penye jeneza. Niliwasikia wakisoma dua kwa sauti ya chini.

"Pole, mghosi, pole bwana," mzee mmoja alimwambia Faraji, akamwondoa pale mbele. "Mfiwa hapaswi kubeba njia nzima."

"Mzee, hii..."

"Nyamaza, mwanangu. Tembea tu."

"Alikuwa mrefu, marehemu," mwingine alinong'ona.

"Mrefu, halafu mwepesi. Ugonjwa umemla."

Shingo ya Faraji ilikuwa imetota jasho la aibu.

Mwanamke mmoja alitoka kwenye michai, kapu mgongoni. Alikuwa mdogo kwangu, lakini si kwa miaka mingi. "Shikamoo, mama," alisema, akanipokea kasia bila kuuliza ni nini, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na utomvu wa majani. "Naitwa Jenoveva. Pole sana. Ni mtoto?"

Nilitazama mbele, nikamwona Faraji akitembea kando ya lile shuka jeupe, na wale watu wasiotujua wakimbebea.

"Mtoto wangu ni yule pale," nilisema kwa sauti iliyosikika hadi mbele. "Yuko hai. Humo ndani hamna mtu."

Msafara ukasimama. Yule mzee akageuka.

"Sasa tunazika nini?"

"Kayaki, mzee," alisema Faraji. "Chombo cha baharini."

"Bahari iko wapi huku?"

"Naanza na bwawa."

"Na dua tumeshasoma."

"Dua haiharibiki," alisema Yusufu, na watu wakaanza kucheka, wa kwanza yule aliyevua kofia.

"Basi twende," mzee alisema, akarudisha bega mahali pake. "Siwezi kuibeba mpaka hapa nisiione ikizama."

Bwawani Faraji alivua viatu. Alikuwa ameshatia mguu majini nilipomshika shati.

"Usiingie. Kule mkiani kuna matundu mawili sikuyaziba. Niliyajua."

Aliutoa mguu majini. Wanaume waliokuwa karibu walijitia kutazama chai. Hakuniuliza kwa nini.

"Unakumbuka yalipo?" alisema.

"Nakumbuka."

Jenoveva ana mizinga miwili ya nyuki. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na bonge la nta amelifumbata kiganjani lisipoe. Nikaingiza mkono mkiani hadi begani, shavu langu likalala juu ya mbao. Nikaziba la kwanza, nikaziba la pili, nikapitisha kidole tena na tena mpaka nikaridhika.

Faraji akaingia. Chombo kilitikisika kidogo, kikatulia, kisha kikaenda bila kelele, kikiacha mstari mwembamba nyuma yake. Alikwenda hadi ng'ambo ya bwawa, akawa mdogo, sikuuona tena uso wake. Kwa muda nilidhani hatageuka.

"Haizami," alisema yule mzee, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Aliporudi alipapasa ndani ya mkia, akanionyesha kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Jumamosi, mama."

"Jumamosi," nikasema.

Wanaume waliibeba tena mpaka kwenye pikapu, safari hii wakigombea nafasi ya mbele. Jenoveva alitembea nami nyuma, polepole, kwa sababu ya miguu yangu.

"Utabaki na nani?" aliniuliza.

"Na kuku."

"Mimi wanangu wote wako Dar. Nina nyuki tu, nao hawapendi mazungumzo."

Pale darajani alinirudishia kanga yangu akiwa ameikunja vizuri, ila mkono wangu hakuuachia.

"Uje tena, mama Faraji. Panda gari la saa nne, ushukie hapa hapa. Nitakungojea."