Kibanja Kilichosomeka Tupu

Lugha ya kompyuta niliyoitunga mwaka 1972 ilikuwa na maneno ishirini na sita tu, nami niliamini hakuna la kuongeza wala la kupunguza. PANDA. PALILIA. VUNA. Bwana shamba aliandika habari za kila shamba kwa mistari mifupi kama ya shairi, makarani wakaitoboa kwenye kadi, na kompyuta ya Dar es Salaam ikaisoma.

Kisha karatasi ikarudi ofisini kwangu Bukoba ikisema kibanja cha Clotilda, shamba la nyumbani la mjane wa Kimwani, ni TUPU. Jumamosi kamati ya kijiji ingetwaa ardhi tupu zote ziwe shamba la ujamaa.

Nilisoma mistari yake mara kumi. Sikuona kosa. Nikapanda basi la Muleba, halafu lori la mizigo.

Nilikuta migomba imezunguka nyumba, mibuni chini yake, na chini ya mibuni udongo uliotoka kung'olewa maharage.

"Wewe ndiye uliyesema sina kitu?" Clotilda aliuliza.

"Mashine ndiyo iliyosema, Mama."

"Basi ije iung'oe mgomba huu. Ikiuweza, nami nitahama."

Nilifungua karatasi. PANDA MIGOMBA. PANDA KAHAWA. PANDA MAHARAGE. VUNA MAHARAGE. Kila mstari ulikuwa wa kweli.

"Maharage ulipanda wapi?"

"Humo humo. Kwenu mnayapanda juu ya paa?"

Kwetu ni Kibeta, hapo hapo Bukoba. Nimekulia kwenye kibanja kama kile. Lakini lugha nilijifunza kuitunga kwa kitabu cha mashamba ya ngano, ambako kila shamba lina zao moja. Kwa hiyo ndani ya mashine kahawa ilifuta migomba, maharage yakafuta kahawa, na yalipovunwa hakikubaki kitu.

Jumamosi mwenyekiti wa kamati, Mzee Apolinary, aliinua karatasi. "Hii imetoka Dar es Salaam. Wewe umetoka Bukoba. Nimwamini nani?"

"Inasema nilichoifundisha, Mzee. Niliifundisha vibaya."

Mzee alikata jina la Clotilda kwa kalamu, akahesabu yaliyobaki.

"Na hivi vingine sitini?"

Nilivitazama. Huenda vingine vilikuwa pori kweli, vingine vimetoka tu kuvunwa maharage. Vyote vilikuwa na neno lile lile, TUPU.

"Sijui."

"Sasa tutwae kipi?"

Mzee Apolinary alifunga mkutano bila kutwaa hata kimoja, akachukua kofia yake, akaniambia nitangulie, tukavione kimoja kimoja. Nilisimama mlangoni. Hata njia sikuijua.