Mhusika Afike Mwenyewe

Asubuhi ya sikukuu Mama Wawili alikuwa jikoni akipiga pasi shati lisilo la mtu yeyote wa nyumba ile. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, binti yake mkubwa akaingia na begi la shule mgongoni, akaamkia. Akavua kiatu, kimoja tu, maana cha pili kilibaki chini ya geti la shule siku lilipomwangukia, akakiweka karibu na ndala za baba yake.

"Marahaba," mama yake akasema, pasi ikiwa bado inatembea. "Mbona umechelewa?"

"Foleni, mama. Leo tumeruhusiwa wengi."

"Haya, kanawe mikono. Mdogo wako bado amelala, usimwamshe."

Akaenda moja kwa moja kumwamsha.

Binti huyo alifariki akiwa darasa la tatu, na tangu alipozikwa hakukosa kuja nyumbani sikukuu hata moja. Siku za kazi hakuja. Jumapili hakuja. Lakini siku ambayo serikali imetangaza mapumziko, alikuwa anafika kabla chai haijachemka, na giza likianza kuingia anaondoka. Safari moja mapumziko yalitangazwa ghafla kwenye redio. Siku hiyo aliingia anahema, kola imekaa upande, akilalamika kwamba na wao kule hawakuambiwa mapema.

Mama yake hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini sikukuu. Alikuwa mpiga pasi kwenye dobi la mjini, mtu wa kutoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamechoka, na kila mara mkubwa alipowahi kuamka akang'ang'ania kanga yake mlangoni alimwambia neno lile lile: niache niende, sikukuu tutashinda wote. Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika maneno.

Kwa hiyo sikukuu hazikuwa na tabu. Tabu ilikuwa siku nyingine zote. Mama Wawili aliandaa maji ya kuoga akaita watoto wawili, akaja mmoja. Alikata mkate akaondoa ganda la pembeni, kwa sababu mkubwa hakuwa anakula ganda, kisha akabaki na kisu mkononi akitazama vipande ambavyo mdogo angevila hivyo hivyo na ganda lake. Kazini sketi za shule zilimjia kwa marundo, za marinda, na kila aliponyoosha rinda mikono yake ilipima urefu yenyewe: huyu wa kwanza, huyu wa tano, huyu wa tatu. Za darasa la tatu alimsukumia mwenzake wa meza ya pili. Mwenzake alizipokea.

Jina nalo lilikuwa shida. Mtaa mzima ulikuwa umezoea kumwita Mama Wawili, na baada ya msiba ndimi zikawa nzito. Siku za kazi watu walianza, "Mama..." halafu wakakohoa, wakaulizia hali ya hewa. Sikukuu walimwita kwa sauti kamili, hata kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mama Wawili! Amefika?"

"Amefika."

"Msalimie!"

Kilichokuwa kinamkosesha raha ni geti. Lilikuwa geti la chuma, pana, zito, lililopoteza bawaba ya chini miaka mingi nyuma na kuegemea nguzo kwa mazoea tu. Wazazi walisema kwenye kila mkutano, na kila mkutano mwalimu mkuu alijibu kwamba linashughulikiwa. Baada ya kumwangukia mtoto waliliinua, wakaliegemeza pale pale. Na baba wa mtoto alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti ndiyo yaliyokuwa yanamlisha. Wiki iliyofuata mazishi alibeba mashine yake hadi shuleni, mlinzi akamzuia: mali ya umma haichomelewi na mtu binafsi. Alichoruhusiwa ni kufunga waya, kwa kuwa waya hauhesabiki kuwa matengenezo. Alifunga waya. Akarudi nyumbani akakaa kwenye ngazi na mashine yake mapajani mpaka usiku.

Sasa mdogo alikuwa anaanza darasa la kwanza. Shule ni hiyo hiyo, nyingine hakuna karibu, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Mama Wawili alishazungushwa vya kutosha. Shule ilimpeleka kata, kata ikamrudisha shule, shule ikamwambia aende kwa afisa elimu. Afisa alimpokea vizuri, akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulikuwepo lilipoanguka?" akamuuliza.

"Nilikuwa kazini."

"Mlinzi anasema geti limesimama. Nimepita mwenyewe, kweli limesimama. Sasa aliyekuwepo ni nani?"

"Mwanangu."

"Basi mhusika afike mwenyewe."

"Mwanangu ni marehemu, mheshimiwa. Anakuja sikukuu tu."

Afisa alikunja uso kwa masikitiko ya kweli. "Sikukuu ofisi zimefungwa, mama. Unajua hilo."

Alijua. Alijaribu kumbakiza mtoto hadi kesho yake. Alimlaza katikati, yeye upande huu na baba upande ule, akafunga mlango na kitasa na komeo, na bado asubuhi wakaamka wamekumbatiana wao wawili. Alijaribu kumwomba afisa afungue ofisi sikukuu moja, saa moja tu, na afisa akamweleza kwa upole kwamba ofisi ikifunguliwa hiyo haitakuwa sikukuu tena, na mtoto je, atakuja? Alitoka pale anatamani kupasua kitu, akapita dukani akanunua sabuni.

Ndipo akapata wazo la shati. Afisa alikuwa mteja wa dobi, na shati lake jeupe la kusomea hotuba lilikuwa limeletwa likitakiwa kwa ajili ya sherehe za sikukuu. Jioni ya mkesha Mama Wawili alimwambia mwenye dobi kwamba kola haijakaa sawa, angeimalizia nyumbani. Mwenye dobi alikuwa anahesabu vibanio, akasema sawa. Mtu wa hotuba hawezi kwenda na fulana, na dobi limefungwa. Atauliza, ataelekezwa, atakuja mwenyewe.

Akaja. Alibisha hodi akiwa amevaa fulana na suruali ya hotuba.

"Karibu ndani, mheshimiwa. Imebaki kola tu."

Alimkalisha mezani, mkabala na binti yake, akammiminia chai. Baba wa watoto alivuta kiti akakaa karibu na mlango. Mdogo alikuwa chini ya meza akisuka nyuzi za zulia.

Afisa alimtazama mtoto, akatazama soksi yake moja iliyojaa vumbi. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Pole sana, mwanangu."

"Asante. Shikamoo."

"Marahaba. Uko darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Bado?"

"Bado."

"Haya, hebu nieleze ilivyokuwa."

Mtoto akaeleza. Alisema kengele ilikuwa imeshalia, wakubwa wakasukuma geti kutoka ndani ili wanaochelewa wasipite, yeye akatanguliza mkono, geti likaja lote. Bawaba ya chini haikuwepo. Alisema hakuumia sana, ila lilikuwa zito na alikosa pa kupumulia, na aliwasikia walimu wakibishana kama waliinue kwanza au wamwite mwenye funguo. Afisa alisikiliza, akauliza maswali ya maana: lilianguka upande gani, nani walikuwa karibu, mlinzi alikuwa wapi. Mlinzi alikuwa amekwenda kununua vocha. Afisa akatikisa kichwa.

"Mtoto anaeleza vizuri sana," akasema. "Mmemlea."

Mama Wawili aliweka pasi wima. "Basi, mheshimiwa, mhusika amefika mwenyewe."

"Amefika," afisa akakubali. "Tatizo ni mimi. Mimi sijafika."

"Si wewe hapa umekaa?"

"Afisa yuko mapumzikoni, mama. Hapa umekaa na mtu tu, amefuata shati lake."

Baba akaingilia kutoka mlangoni. "Na huyo mtu tu, kesho akienda kazini, hatakumbuka alichoambiwa?"

"Atakumbuka, ndugu yangu. Kwa hilo msiwe na wasiwasi. Nitalishughulikia."

Pasi ilikuwa ya moto na kola ilikuwa chini yake. Mama Wawili angeweza kuiacha pale pumzi tatu tu, ikatoka alama ya kahawia ambayo hakuna wanga wala limau ya kuiondoa, na mtu angekwenda kusoma hotuba yake na kola iliyoungua. Hakuiacha. Aliipitisha polepole kutoka ncha kwenda katikati, kama kola inavyotaka kupigwa, kisha akageuza mikono ya shati akanyoosha na hiyo. Alijichukia kwa kazi ile nzuri, na aliendelea nayo.

Afisa alivaa shati pale pale. Alimpa mtoto mkono kumuaga, akaushika kidogo zaidi. "Mkono wake una baridi," akamwambia mama. "Mwongezee chai."

Ijumaa yake Mama Wawili aliitwa ofisini. Aliomba ruhusa kazini, akaenda na gauni lake la kanisani, na baba akaacha kazi ya watu nusu akaenda naye. Afisa alikuwa amevaa shati lile lile. Alisimama kuwapokea, uso umekunjuka.

"Nimewaita kwa habari njema. Nimekumbuka kila kitu, na suala lenu nimelipeleka juu mimi mwenyewe. Limeisha."

"Geti linatolewa?" Mama Wawili akauliza.

"Subiri, mama. Lalamiko lenu lilisema geti limeua mtoto. Sasa mimi nimemwona mtoto kwa macho yangu. Amekunywa chai, ameongea, ana adabu, hana hata mkwaruzo. Nimetoa ushahidi huo, na wakubwa wamefurahi sana kusikia yuko salama. Unajua wengine walikuwa hawalali?"

Mama Wawili alimgeukia mume wake.

"Amekufa," baba akasema. "Nimemzika mimi. Nimechimba mwenyewe."

"Sikatai, ndugu yangu. Na mimi nimekaa naye meza moja. Yote mawili ni kweli, lakini kwa ofisi linasimama lile lililoonwa na afisa."

"Ulisema hukuwepo! Ulisema ni mtu tu!"

"Ndiyo maana nimeandika kwamba nilipata habari kutoka kwa mtu wa kuaminika." Afisa aliketi, akashusha sauti, kwa huruma. "Nimewapigania, msinione hivi. Kilichothibitika kupotea ni kiatu. Nimeuliza kama mnaweza kulipwa kiatu, nikaambiwa kiatu kimoja hakina fungu. Kingekuwa jozi, tungeongea."

"Na geti?"

"Geti limesimama, mama."

Walirudi kwa miguu. Baba alitembea mbele, akipita mageti aliyoyachomelea yeye, la daktari, la mwenye kiwanda cha matofali, la kanisa, yote yakining'inia wima kwenye bawaba zake. Mama Wawili alilia njia nzima bila kufuta uso. Hakuwa analia kwa huzuni, huzuni alishaizoea. Alikuwa amemtafutia mwanawe mtu wa kumsikiliza, akampata, akasikilizwa vizuri, na kusikilizwa kwenyewe ndiko kulikommaliza. Laiti angeunguza lile shati.

Jumatatu shule zikafunguliwa. Alimpeleka mdogo mwenyewe, sketi ya marinda imenyooka, kiatu jozi. Geti lilikuwa pale pale, limeegemea nguzo, waya wa baba yake umeanza kushika kutu. Watoto walikuwa wanaingia kwa makundi na wakubwa walikuwa wanalishika wakipita. Mama Wawili aliweka mgongo wake kwenye chuma, akatanua miguu, ndipo akamwambia mwanawe apite.

Mdogo aliachia mkono wake. Hakupita katikati. Alijibana kwenye ukuta wa kushoto, akaweka begi kichwani, akatazama juu, akavuta pumzi, halafu akakimbia kwa nguvu zote bila kugusa kitu hadi uwanjani.

"Nani amekufundisha hivyo?" mama yake akapaza sauti.

"Dada! Amesema ukisikia linalia usigeuke!"

Wale wa darasa la kwanza waliokuwa nyuma yake waliona inafaa. Wakajibana ukutani, mmoja mmoja, begi kichwani, wakakimbia. Waliofuata wakaiga. Punde mstari ukafika barabarani, umenyooka, hakuna anayesukumana, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kukimbia.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini kuangalia kelele zimekwenda wapi. Alitazama mstari ule kwa muda, akafurahi, akaja hadi getini kumpa mama mkono.

"Mnaona sasa?" akasema. "Tuliwaambia linashughulikiwa."

Mama Wawili hakuutoa mkono wake. Chuma kilikuwa kinamlemea mabegani, na waya ulikuwa unalia kidogo kila mtoto alipopita. Alitamani ageuke, alipige teke moja, lianguke lote, liishe. Lakini watoto walikuwa bado wanapita.