Sufuria ya Afande Oola

Sahani ya kwanza ya samaki wa kuchemsha ilipita karibu na sikio langu ikavunjikia ukutani. Ya pili afande Oola hakuirusha. Alimpiga nayo mkewe, Rosalba, mdomoni.

"Hii ni chakula ya mgonjwa," alisema. "Miaka thelathini mimi polisi, nimekimbiza wezi mpaka Kawempe kwa miguu, leo mnanipa maji ya samaki?"

Rosalba alitema damu kwenye kitambaa. "Daktari amesema mafuta yamejaa kwenye damu yako. Yanaziba mishipa ya moyo. Wewe mwenyewe ulimsikia."

"Ule daktari ni mtoto."

Alipotoka nikaanza kuokota vipande. Mimi Mkenya nilikuwa na miezi minne tu katika nyumba ile ya Nateete, Kampala, nikipika na kufagia. Rosalba aliinama tukawa tunaokota wote.

"Nakhisa, nisikilize. Huyu mtu lazima aishi. Si kwamba nampenda, hiyo iliisha zamani. Lakini kaka yake, Abwola, alipokufa ndugu zao walisema mkewe alimlisha kitu. Walimburuta mpaka barabarani, na hakuamka tena. Oola akifia humu ndani, watanifanyia hivyo hivyo." Aliweka kipande cha sahani mkononi mwangu. "Na wewe ndiye unayepika."

Basi nikapika kama mtu anayejitetea. Kuku nilimtoa ngozi. Maharagwe niliyachemsha bila mafuta, dodo, yale majani ya mchicha, nikayatia nyanya na kitunguu saumu kingi ili ulimi wake usikumbuke samli. Alikula kidogo, akatukana sana. Mshipi wake wa polisi ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango, na haikupita wiki bila kushuka. Siku moja niliweka uji wa ulezi bila sukari, chuma cha mshipi kikanipasua bega. Lakini vidonge vya daktari alikuwa anameza kila asubuhi, na hilo lilitupa moyo.

Ndipo akaja Onen, mdogo wake, na chupa. Aliinunua Old Kampala kwa mtu anayetangaza dawa kwa kipaza sauti. Kwenye karatasi yake palichorwa moyo mwekundu unaocheka.

"Kaka, hii ni miti shamba. Inaosha mafuta yote. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, halafu unakula unachotaka. Ila muuzaji amesema usichanganye na vidonge. Vitapigana tumboni."

Oola alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Basi vidonge viende likizo!"

"Na hawa wapishi wa hospitali nao waende," Onen akasema akinitazama.

Tangu siku hiyo alikula nguruwe wa kukaanga huko sokoni, akarudi kidevu kinang'aa. Asubuhi bado aliweka kidonge mdomoni mbele ya mkewe, kumridhisha. Lakini nilipofagia nyuma ya gunia la makaa nilikuta vidonge vimelowa mate, vimekauka, vimeshika vumbi. Nilimwambia Rosalba. Rosalba akamuuliza mumewe, na mumewe akamvunja mkono wa kushoto. Nilijuta kusema. Kuanzia hapo nikawa naviokota kimya kimya na kuvitia kwenye kopo dogo ambalo halikutoka mfukoni mwa sketi yangu. Sikujua vitasaidia nini. Nilijua tu siku moja mtu atauliza.

Jumamosi moja, saa saba mchana, Oola aliingia na Onen wakitoka kula nguruwe. Alifunua sufuria yangu, akaona dodo.

"Majani tena? Mimi ni mbuzi?"

Alishusha mshipi. Alimpiga Rosalba mgongoni, akampiga shingoni. Mara ya tatu mkono ulibaki juu. Uso ukalowa jasho kama mtu aliyemwagiwa maji, akajishika kifua, akaanguka na paji la uso likagonga fremu ya mlango.

"Mmempa sumu!" Onen alipiga kelele.

"Hajaonja hata kidogo," nilisema.

"Si leo! Kila siku!" Aliokota mshipi, akauzungusha shingoni kwa Rosalba na kuvuta. "Sema mnaweka nini kwenye hii majani!"

Macho ya Rosalba yalitoka. Nilimrukia Onen mgongoni, akanipiga kiwiko, kisha akanikanyaga tumbo.

"Mimi ndiye napika," nilisema nikiwa chini. "Muache."

Alilegeza mshipi. "Basi kula. Kwetu mpishi akishukiwa anakula sufuria yote, sisi tunakaa tunamwangalia mpaka jua liingie."

Nilimtazama Oola. Alikuwa anakoroma, midomo imekuwa rangi ya majivu. Tukikaa hapo mpaka jua liingie atakuwa amekufa, na kifo chake ndicho kitakuwa ushahidi. Nikaishika sufuria.

"Nitakula. Lakini nitakula ndani ya gari lako tukienda hospitali. Nikifa njiani, utakuwa umeshinda. Nisipokufa, kaka yako yuko kwa daktari."

"Unanipangia, wewe Mkenya?" Alinipiga kofi nikaona giza.

Sikubishana. Nilitia tonge la kwanza mdomoni, likiwa moto, likachanganyika na damu yangu, nikatoka nje na sufuria. Nilitembea mpaka kwenye pikapu yake nikapanda nyuma. Onen alisimama mlangoni akitazama sufuria yake ya ushahidi ikiondoka. Akatukana. Kisha akatia ile chupa ya miti shamba mfukoni, akambeba kaka yake.

Nyuma ya pikapu, Oola alilala juu ya miguu ya Rosalba. Mimi nilikula. Vidole viliungua, tumbo lililokanyagwa lilikataa, nikameza tena kilichorudi. Onen alinichungulia kwenye kioo kila gari liliposimama. Tulipopita chini ya kilima cha Old Kampala niligeuza sufuria juu chini, nikamwonyesha. Ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa hai.

Hospitalini daktari aliuliza anatumia dawa gani.

"Anameza vidonge vyake," Onen alisema haraka.

Nilifungua kopo. Daktari alimwaga vidonge mezani, akavitazama muda mrefu.

"Na chupa?" nikamwambia Onen. "Iko mfukoni mwako."

Alinipiga ngumi hapo hapo, jino likatoka. Walinzi wawili walimkunja mikono na kumtoa. Lakini chupa ilikuwa imeanguka, na daktari alikuwa ameiokota.

Oola alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Daktari alikuwa amemwambia mbele yetu: moyo umepata jeraha, vidonge ni vya kila siku, na dawa yoyote ya miti anayotaka kunywa aionyeshe kwanza hospitali. Niliweka samaki wa kuchemsha mezani. Oola aliitazama sahani, akautazama msumari. Akainuka, akashusha mshipi, akapiga hatua moja kuelekea kwa mkewe. Pumzi ikamwishia. Alisimama akihema, mshipi mkononi.

Rosalba, mkono wake bado kwenye plasta, aliuchukua mshipi polepole, kama unavyompokea mgonjwa kikombe. Akauweka begani mwake mwenyewe. Oola akakaa.

"Huyo Mkenya aonje kwanza," alisema.

Nikaonja. Samaki hakuwa na chumvi hata kidogo.

Rosalba akamtia kidonge mdomoni, akampa maji, akasubiri.

"Inua ulimi," alisema.

Afande aliinua.