Alama ya Mwisho

Bango lilikuwa limekamilika, isipokuwa alama moja. Fundi wa mabango alishuka ngazi akitokwa na jasho lisilo la jua.

Marehemu, mshonaji wa suruali, alitaka duka liitwe kwa jina lake, tena kwa Kizungu, maana alidai Kizungu huvuta wateja. Jina lenyewe liliishia na s, na Kizungu huonyesha mwenye mali kwa koma ya juu na s. Mdogo wake marehemu, shemeji wa mjane, alikuwa amebishana na fundi asubuhi nzima.

"Baada ya s unaweka koma ya juu, basi. S ya pili ya nini?"

"Walimu wenyewe hawajapatana, bosi. Marehemu alinichorea koma, halafu s nyingine. Nimeacha nafasi ya koma."

Nafasi hiyo ndiyo iliyomkosesha fundi raha. Mtaani pale, alama ya mwisho ya bango huwekwa na mwenye duka, na mwenye jengo humwandikia mkataba huyo huyo. Mwenye jengo alishafika, karatasi kwapani. Shemeji, mgeni wa wiki moja mwenye suti nyeupe pee, alikuwa amekwisha kubadilisha kufuli. Mjane, aliyeshona mle miaka kumi na miwili, alisimama pembeni mikono mitupu. Jambo hilo lilimuuma fundi, lakini yeye ni nani? Kazi yake ni kusema ukweli na kutoa brashi.

Ila hakuna sheria inayosema lazima brashi ikung'utwe kwanza. Aliichovya kwenye rangi nyekundu mpaka shinani.

"Mwenye duka ndiye anayeweka alama ya mwisho," akasema, wote wasikie. "Nani anapanda?"

Shemeji akanyoosha mkono. Tone likadondoka karibu na kiatu chake, na la pili likafuata. Aliitazama suti, akaitazama ngazi.

"Mpe shemeji yangu," akasema, akirudi nyuma. "Mimi si mtu wa kuchafuka."

"Umesema mwenyewe?" mwenye jengo akauliza. "Mbele ya wote hawa?"

"Nimesema. Kwani rangi ni kitu gani?"

Mjane akapanda. Koma ikatoka nene, rangi ikamchuruzika hadi kiwikoni. Aliposhuka, mwenye jengo alikuwa ameshatoa kalamu.

"Mama, jina lako kamili?"

Akaandika taratibu. Kisha, bila kuinua kichwa, akamnyooshea shemeji kiganja.

"Na funguo."